Fikra Moja Haimtoshi Askari: Mafunzo ya Dzaleka na Lilongwe

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo mtu akizisikiliza juu juu atadhani zinagombana. Ya kwanza yasema, "Haraka haraka haina baraka." Ya pili yasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Wanafunzi huulizwa ipi kati ya hizo ndiyo ya kweli, nao hubishana mpaka kengele ikalia. Lakini wahenga hawakujipinga. Walijua kwamba binadamu hafikiri kwa njia moja tu, na kwamba njia iliyo dawa mahali hapa yaweza kuwa sumu mahali pale. Kazi waliyotuachia sisi ni kupambanua wakati wa methali hii na wakati wa ile.

Raia wa kawaida akikosea kupambanua, aghalabu hupata hasara ya fedha au aibu. Kwa askari jambo ni zito zaidi. Mwanajeshi aliye katika doria na polisi aliye katika kizuizi cha barabarani wamekabidhiwa na taifa silaha, pingu, na mamlaka ya kumwambia mtu "Simama!" naye akasimama. Askari akifikiri kwa haraka pale panapotaka subira, asiye na hatia hulala mahabusu. Akifikiri polepole pale panapotaka wepesi, wenzake hurudishwa makwao katika majeneza. Kwa hiyo swali hili si anasa ya wasomi: akili ya askari hufanya kazi kwa njia ngapi, kila njia ina nguvu gani, na mpaka wake uko wapi?

Tutalitazama swali hilo kwa mfano wa jirani zetu wa Malawi, hasa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na jiji la Lilongwe. Mfano huo una faida mbili. Kwanza, hapo polisi na wanajeshi wa nchi ile wamekabiliwa kwa miaka mingi na takriban kila jambo liwezalo kuijaribu akili ya askari. Pili, mambo ya Dzaleka si ya mbali nasi. Wengi wa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda waliofika huko walipita katika ardhi ya Tanzania, wakavuka mpaka wa Songwe na kuingia Karonga. Na lugha inayowaunganisha wengi wao ni hii hii ya Kiswahili.

DZALEKA NI MAHALI GANI

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kati ya kilomita 40 na 50 kutoka Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi, mahali hapo palikuwa na gereza ambalo wakati wa utawala wa Rais Hastings Kamuzu Banda lilitumiwa kuwafungia watu walioshukiwa kisiasa. Jina lenyewe linahusishwa na neno la Kichewa "kuleka", yaani kuacha, neno ambalo wasemaji wa lugha kadha za Kibantu za kwetu watalitambua bila mkalimani. Mwaka 1994, mwaka ule ule ambao Banda aliondolewa madarakani kwa kura, na ambao mauaji ya kimbari ya Rwanda yaliwatawanya watu wa Maziwa Makuu, mahali hapo pakageuzwa kuwa kambi. Ilikusudiwa kupokea watu 10,000 na ushei. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, wakifuatwa na Warundi na Wanyarwanda.

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo mwaka 1987, lakini ilitamka kwamba haitafungwa na baadhi ya vifungu vyake, vikiwemo vinavyohusu kazi na uhuru wa kwenda na kukaa popote. Mwaka 1989 ikatunga Sheria yake ya Wakimbizi. Kwa msimamo huo mkimbizi hutakiwa akae kambini. Hata hivyo, kwa miaka mingi wakimbizi wengi waliishi nje ya kambi, wakafungua maduka katika Lilongwe na kwingineko, wakalipa kodi za nyumba na kusomesha watoto. Basi hapo zimekutana sheria na njaa, biashara na wivu, huruma na uhalifu. Askari apangwaye kazi mahali kama hapo hawezi kuishi kwa fikra ya namna moja.

FIKRA YA JICHO

Njia ya kwanza ya kufikiri tuiite fikra ya jicho. Fikra hii haihesabu wala haijadili, hutambua. Mfano wake mzuri umo katika mchezo wa bao, ambao Wamalawi nao huucheza na kuuita "bawo". Katika mashimo 32 zimetawanyika kete 64. Mwanagenzi huhesabu kwa kidole, midomo ikimchezacheza, na kete zikishazunguka mara mbili hupotea njia. Fundi hutupa jicho mara moja akajua pa kuanzia. Ustadi wa mafundi wa bao wa Zanzibar ulimvuta Mholanzi Alexander de Voogt hata akaandika juu yake tasnifu aliyoichapisha mwaka 1995, na jina la tasnifu hiyo linahusu mipaka ya akili.

Tusidhani kwamba fundi amezaliwa na jicho la ajabu. Mwaka 1973 Wamarekani William Chase na Herbert Simon waliwajaribu wachezaji wa sataranji. Waliwaonyesha kwa sekunde chache ubao wenye mchezo wa kweli uliofika katikati, kisha wakawataka waupange upya kutoka kichwani. Bingwa aliwapita wanagenzi kwa mbali. Lakini vipande vilipotupwa ubaoni ovyo ovyo, bila mchezo, bingwa akawa karibu sawa na mwanagenzi. Maana yake ni kwamba jicho la fundi ni ghala la michezo aliyokwisha kuiona. Penye mchezo anaoufahamu, jicho hutawala. Pasipo na mchezo, jicho hubaki na majivuno yake tu.

Katika kazi ya hatari fikra hii ni mlinzi mkubwa. Mtafiti Gary Klein, aliyewachunguza makamanda wa zimamoto wa Marekani tangu miaka ya 1980, ameeleza habari ya kamanda mmoja aliyeingia na kikosi chake katika nyumba iliyokuwa ikiungua. Waliupiga moto maji, lakini moto haukujibu kama alivyozoea. Joto lilikuwa kali kupita kiasi, na sauti ya moto ilikuwa ndogo kupita kiasi. Akaamuru wote watoke. Punde sakafu waliyokuwa wamesimama juu yake ikaporomoka, kwani moto mkubwa ulikuwa chini yake. Kamanda hakujua kwamba nyumba ile ina chumba cha chini. Jicho na ngozi yake vilijua tu kwamba mambo hayaendi kama yaendavyo. Mwanajeshi yeyote aliyewahi kusimama ghafla katika njia ya msituni kwa sababu ndege wamenyamaza anaielewa habari hiyo.

Upande wa pili wa jicho ulidhihirika pia jeshini. Katika miaka ya 1950 Daniel Kahneman, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2002 na kufariki mwaka 2024, alikuwa kijana katika jeshi la Israel. Yeye na wenzake walitakiwa kuwatambua askari wanaofaa kuwa maofisa. Askari wanane, vyeo vyao vikiwa vimevuliwa, walipewa gogo refu walivushe juu ya ukuta bila gogo wala mtu kuugusa. Wakaguzi walitazama nani anaongoza, nani anakasirika, nani anakata tamaa, na kila mara waliona kwa uwazi kabisa nani ni kiongozi. Kisha zikaja taarifa kutoka chuo cha maofisa: utabiri wao ulikuwa haupiti sana bahati nasibu. La kutia mawazo ni kwamba hata baada ya kuambiwa hivyo, kundi jipya lilipoletwa mbele ya ukuta, waliona tena kwa uwazi ule ule. Jicho halikuona haya.

Mwaka 2009 Klein aliyesifu jicho na Kahneman aliyelitilia shaka waliandika pamoja, baada ya kubishana kwa miaka, na wakakubaliana juu ya jambo ambalo kila askari yafaa alijue. Jicho laweza kuaminiwa penye mambo mawili: mahali pawe na utaratibu unaojirudia, na mtu awe amepata nafasi ya kujua upesi na kwa uhakika kama alipatia au alikosea. Pasipo na hayo, miaka 20 ya kazi humwongezea mtu ujasiri bila kumwongezea ujuzi.

KIZUIZI CHA BARABARANI

Sasa tuipeleke kanuni hiyo katika barabara itokayo Karonga, ikapita Mzuzu na kushuka hadi Lilongwe. Polisi amesimama kizuizini. Basi dogo linasimama, na ndani yake yumo msichana aliyeketi kimya kando ya mwanamume anayesema ni shemeji yake. Polisi humtazama usoni, akaamua.

Je, jicho hilo limefunzwa na nani? Polisi akimkamata mtu mwenye bangi, mfuko hufunguliwa na jibu hupatikana papo hapo. Kwa bangi, jicho lake huenda likawa jicho la fundi. Lakini akimruhusu apite msichana anayepelekwa kuuzwa, basi litaondoka na hatasikia habari zake milele. Jioni ataandika kitabuni kwamba zamu ilipita salama. Kosa lake halikumrudia, na jicho halifunzwi na kosa lisilorudi.

Wala uso wa mtu si kitabu kilicho wazi kama wengi wetu tunavyoamini. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya majaribio mengi ya kutambua uongo, yaliyohusu maelfu ya waamuzi. Kwa wastani watu walipatia mara 54 katika kila 100, na wale ambao kazi yao ni kuhoji hawakuwapita sana watu wa kawaida. Arusha shilingi hewani utapatia mara 50.

Dzaleka inatuonyesha gharama ya jambo hilo. Katikati ya mwaka 2022 Jeshi la Polisi la Malawi, likishirikiana na shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, lilifichua kwamba kambi hiyo ilikuwa kituo cha wasafirishaji haramu wa binadamu. Waathirika zaidi ya 90 walitambuliwa, wengi wao vijana wanaume wa Ethiopia, na pia wasichana na wanawake wa Ethiopia, Burundi na Kongo. Walidanganywa makwao, wakavushwa mipaka, wakaingizwa kambini, na humo wakatumikishwa au wakapelekwa mbele kwenye mashamba na madanguro. Ofisa mmoja wa shirika hilo alieleza kwamba alishuhudia kitu kilichofanana na soko la Jumapili, ambako watu walikuja kununua watoto. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, huko Mzimba, ambayo barabara ile ile hupita, lilifukuliwa kaburi la pamoja lenye miili 25 ya watu walioaminika kuwa wahamiaji kutoka Ethiopia, na baadaye ikapatikana mingine.

Soko halifanyiki gizani. Watu walipita hapo mchana, na yamkini wengine walikuwa wamevaa sare. Lakini jicho huona linachokitarajia: kambini kuna watu wengi, watu wengi huwa na wageni, na wageni huja Jumapili. Palipohitajika kuuliza, jicho lilitambua tu na kupita.

FIKRA YA HESABU

Njia ya pili ni fikra ya hesabu. Hii huenda polepole. Hupasua jambo katika sehemu zake, hupima kila sehemu peke yake, huandika, hulinganisha, na huchelewesha hukumu mpaka vipimo vyote vimepatikana. Ndiyo fikra ya mpelelezi mwenye jalada, ya daktari wa kikosi, na ya ofisa wa mizinga apigaye hesabu ya masafa. Sheria na amri za kudumu nazo ni matunda yake, kwani amri ya kudumu ni mawazo ya watu wengi yaliyofikiriwa wakati wa utulivu, ili yamsaidie mtu mmoja wakati wa ghasia.

Kahneman, baada ya aibu ya gogo, aliijaribu fikra hiyo. Aliwataka wahojaji wa askari wapya waache kutafuta picha ya jumla. Badala yake wapime sifa sita, kila moja peke yake, kwa maswali ya mambo ya hakika: mtu alifanya kazi zipi, alifika kwa wakati mara ngapi, alikuwa na marafiki wangapi. Kila sifa ipewe alama kati ya 1 na 5 kabla ya kwenda kwa inayofuata. Wahojaji walinung'unika kwamba wanageuzwa kuwa mashine. Basi akawakubalia kwamba baada ya kumaliza alama zote wafumbe macho na kutoa hukumu ya jicho. Matokeo yakawa bora kuliko ya zamani, na hukumu ile ya mwisho ikafaa kama jumla ya zile alama sita. Jicho halikufukuzwa kazini. Liliwekwa nyuma katika foleni, nalo likafanya kazi njema zaidi kwa kungojea zamu yake.

Msichana wa kwenye basi hahitaji polisi mwenye jicho la ajabu. Anahitaji polisi mwenye maswali matano yaliyoandikwa, ambayo humwuliza kila abiria wa namna hiyo, akimtenga na "shemeji" yake: Unakwenda wapi? Nani atakupokea? Hati zako anazo nani? Nauli amelipa nani, nawe unamdaiwa nini? Mara ya mwisho kuzungumza na mama yako ilikuwa lini? Majibu yakiandikwa na kupelekwa mahali pamoja, kizuizi cha Karonga kitajua kilichoonwa Lilongwe, na kosa lililokuwa halirudi litaanza kurudi.

Hata hivyo, fikra ya hesabu nayo ina mpaka, na kuuficha ni kuwahadaa askari wetu. Ni nzito, na risasi haingoji alama sita. Tena ili ihesabu, lazima kwanza iwatie watu katika mafungu. Na fungu likishapewa jina, watu waliomo hupotea ndani ya jina hilo.

Mwezi Machi mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warudi Dzaleka kufikia tarehe 15 Aprili, ikitaja usalama wa taifa miongoni mwa sababu zake. Mwezi Mei polisi na wanajeshi waliingia kazini. Katika Lilongwe mamia ya watu walikamatwa, maduka yakafungwa, na miongoni mwa waliotiwa kizuizini walikuwamo watoto. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na watetezi wa haki za binadamu walieleza wasiwasi wao waziwazi.

Kila dola ina haki ya kulinda usalama wake na kusimamia sheria zake. Hilo halina ubishi katika ukurasa huu. Lakini neno "mkimbizi" laweza kumfunika kwa shuka moja mhalifu anayejificha, mjane anayeuza mchele, na mtoto aliyezaliwa Lilongwe ambaye hajapata kuiona Kongo. Amri hutaja fungu. Askari ndiye akutanaye na mtu mmoja mmoja mlangoni. Akifika hapo na hesabu tu, yaani idadi ya vichwa vinavyotakiwa, atamtia mtoto garini na jioni hesabu itakuwa sahihi. Hesabu iliyo sahihi yaweza kuwa na dhuluma ndani yake, maana haikuulizwa swali lililostahili.

FIKRA YA MASIMULIZI

Hapo ndipo tunapohitaji njia ya tatu, fikra ya masimulizi. Mwanasaikolojia Jerome Bruner alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 kwamba akili ya binadamu ina njia mbili zisizoweza kugeuzwa kuwa moja: ya hoja, inayotafuta ukweli wa jumla, na ya masimulizi, inayotafuta maana ya yaliyompata mtu fulani, mahali fulani, kwa nia fulani. Anayejua hoja peke yake ataieleza njaa kwa takwimu, lakini hataelewa kwa nini mama mwenye njaa amekataa chakula.

Askari hukutana na fikra hii kila mara anapochukua maelezo. Katika miaka ya 1931 na 1932 Mrusi Alexander Luria alikwenda kuwahoji wakulima wa Uzbekistan. Aliwaambia: Huko kaskazini kwenye theluji, dubu wote ni weupe, mahali fulani pako kaskazini kwenye theluji, je, dubu wa mahali hapo wana rangi gani? Wengi wa wale wasiosoma walijibu kwamba hawajui, hawajafika huko, aulizwe aliyeona. Mtu mwenye haraka atawaita wajinga. Lakini ebu tutafakari: ni shahidi gani ambaye hakimu angempenda zaidi kuliko yule akataaye kusema asichokiona kwa macho yake? Walioshindwa katika mtihani wa hoja wangeshinda katika mtihani wa ushahidi.

Sasa mweke mzee wa Kivu mbele ya mezani pa ofisa anayempima kama ni mkimbizi wa kweli. Anaulizwa aliondoka kijijini tarehe gani. Hana tarehe. Anajua kwamba maharage yalikuwa yamechanua, na kwamba mjukuu wake alikuwa hajaanza kutambaa. Akihojiwa mara ya pili, jambo moja limebadilika na jingine limeongezeka. Ofisa wa hesabu huandika "anajipinga" na kufunga jalada. Lakini mwaka 2002 watafiti katika Uingereza walichapisha matokeo ya kuwahoji mara mbili wakimbizi 39 wa Kosovo na Bosnia, watu ambao tayari walikuwa na ruhusa ya kukaa nchini humo na hawakuwa na sababu ya kudanganya. Tofauti kati ya maelezo ya kwanza na ya pili zilikuwa jambo la kawaida, hasa katika mambo ya pembeni. Kumbukumbu ya msiba haikai akilini kama risiti ndani ya faili. Anayeijua fikra ya masimulizi humwacha mtu aseme kwa mpango wake mwenyewe, kisha huuliza. Na maharage yaliyochanua huyageuza kuwa mwezi wa kalenda.

Dzaleka yenyewe imetumia fikra hii kujijenga. Tangu mwaka 2014 hufanyika huko tamasha liitwalo Tumaini, lililoanzishwa na msanii Mkongo Menes La Plume, ambalo huwakutanisha Wamalawi na wakimbizi kwa nyimbo, ngoma na hadithi. Mtu uliyekula nyumbani kwake huwezi tena kumwona kama namba.

Lakini masimulizi nayo yasitulevye. Hadithi tamu si lazima iwe ya kweli. Wasafirishaji haramu wenyewe huwinda kwa hadithi: kazi nzuri Afrika Kusini, mwajiri mwema, safari fupi. Na hadithi iliyo hatari kuliko zote ni shuku ikishakaa kifuani mwa dola, kwani shuku hula kila kitu ikanenepa. Mtu akisema, amechochea, akinyamaza, anaficha, akicheka, anadharau. Gereza la Dzaleka la zamani lilijazwa kwa hadithi ya namna hiyo, ambayo hakuna ushahidi uliruhusiwa kuipinga. Yafaa tukumbuke kwamba mahali ambapo dola iliwafungia watu wake kwa shuku ndipo baadaye walipokimbilia watu waliofukuzwa makwao na shuku za jirani juu ya jirani.

ASKARI AFANYE NINI

Basi hakuna njia mojawapo inayostahili kuitwa akili peke yake. Jicho ni jepesi, lakini hujua tu lilichofunzwa. Hesabu ni ya haki kwa wote, lakini haimwoni mmoja. Masimulizi humwona mmoja, lakini yaweza kudanganywa naye. Hekima ya askari ni kujua ni ipi iliyoshika usukani na kama hapo ndipo pake.

Njia ya kulitenda hilo si ngumu. Kabla ya kutenda, kama upo muda hata wa kuvuta pumzi tatu, ajiulize: Jambo hili nimewahi kuliona mara nyingi na kuambiwa matokeo yake? Kama ndiyo, na hatari iko karibu, aliamini jicho. Kama sivyo, aende kwenye maswali yaliyoandikwa. Na kabla ya kumtia mtu mikononi moja kwa moja, amsikilize mpaka mwisho, walau mara moja.

Makamanda nao wana sehemu yao, kwani jicho la askari hufunzwa na kamanda anayemletea matokeo. Polisi wa kizuizini aambiwe yule aliyemwachia alikuwa nani na yule aliyemkamata aliachiwa kwa nini. Baada ya kila operesheni pawe na kikao ambacho askari wa cheo cha chini husema kwanza na mkubwa husema mwisho, maana mkubwa akishasema, fikra za wengine hupiga saluti.

Askari wa Tanzania na wa Malawi wamekuwa pamoja katika ardhi ya Kongo, kwanza mwaka 2013 katika Brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, wakiwa na wenzao wa Afrika Kusini, na tena kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023 hadi 2025 katika kikosi cha nchi za SADC. Huko walikutana na kijana mwenye panga njiani, na iliwapasa kuamua kama ni mkulima au ni mwasi. Huenda mama wa kijana huyo yuko Dzaleka leo, na huenda ndugu yake mdogo atasimama kesho mbele ya polisi wa Songwe. Ni watu wale wale na vita vile vile, ila sare iliyo mbele yao hubadilika.

Ndugu askari, bunduki yako hukaguliwa kila siku, na ikiwa na kutu unaadhibiwa. Akili yako hakuna mkaguzi aioneaye kutu; wewe mwenyewe ndiwe gwaride na ndiwe mkaguzi. Ikague kabla ya zamu. Jiulize jana iliamua kwa njia gani, ilipatia wapi, na nani alilipa gharama ilipokosea. Msichana wa kwenye basi hatajua kamwe kwamba ulijiuliza. Ila yeye atashuka salama.